Mwendo wa Namba: Mstari Mnyoofu, Mraba na Kipeo

Chukua karatasi, uandike safu tatu za namba. Safu ya kwanza iwe 1, 2, 3, 4, 5. Ya pili iwe 1, 2, 4, 7, 11. Na ya tatu iwe 1, 2, 4, 8, 16. Ukimwonyesha mtu namba mbili za mwanzo za kila safu, hata akiwa ni mwerevu kuwapita wote wa mji wake, hataweza kuzipambanua, kwani zote zimeanza kwa moja zikafika mbili. Ukimfunulia namba ya tatu, safu ya kwanza itajitenga, lakini ya pili na ya tatu zitakuwa bado ni kitu kimoja machoni pake. Na hata namba ya nne ikifunuliwa, tafauti itakuwa ni ya moja tu, saba kwa nane, tafauti ambayo mfanya biashara aghalabu huisamehe na mpimaji huiweka katika makosa ya kipimo chake. Lakini safu hizo zikiachwa ziende, kila moja kwa sharia yake, hata hatua ya kumi baada ya ile ya kuanzia, ya kwanza itakuwa imefika 11, ya pili 56, na ya tatu 1,024. Na katika hatua ya ishirini ya kwanza itasoma 21, ya pili 211, na ya tatu 1,048,576.

Safu hizo ni mifano midogo ya namna tatu za mabadiliko ambazo mwanafunzi wa sekondari hukutana nazo, akazikariri, akazifanyia mtihani, kisha akazisahau, ilhali zinamzunguka maisha yake yote, katika bahari aogeleayo, katika gari alipandalo, katika deni alilokopa na katika idadi ya watu wa nchi yake. Ya kwanza ni fanksheni ya mstari mnyoofu. Ya pili ni fanksheni ya kipeo cha pili, au ya mraba. Na ya tatu ni ile ambayo namba geu yenyewe imepanda juu ikawa ndiyo kipeo, nasi hapa tutaiita kwa ufupi fanksheni ya kipeo. Fanksheni, kwa asiyeizoea, ni kanuni tu, ambayo ukiipa namba moja hukurudishia namba moja, wala haikurudishii mbili kwa ile moja uliyoipa. Itaje idadi ya dakika, ikupe umbali. Itaje miaka, ikupe idadi ya watu. Itaje kina cha maji, ikupe uzito unaomkandamiza mzamiaji.

Grafu ni sura ya kanuni hiyo juu ya karatasi. Wazo la kuyachora mabadiliko kwa mistari lilikwisha kumpitikia Nicole Oresme, mwanachuoni wa Ufaransa wa karne ya 14, lakini aliyeziunganisha aljebra na jiometri hata zisiweze kuachana tena ni Mfaransa mwenzake René Descartes, katika kitabu chake cha mwaka 1637. Katika desturi iliyotokana na kazi hiyo, namba ya kwanza hupimwa katika mhimili wa mlalo, ya pili katika mhimili wa wima, na pale zinapokutana hutiwa nukta. Nukta zikiwa nyingi, sura hujitokeza. Sura ya fanksheni ya kwanza ni mstari ulionyooka. Ya pili ni tao liitwalo parabola, lenye mikono miwili inayolingana. Na ya tatu ni mstari unaotambaa chini kwa muda mrefu, kisha ukapinda na kuinuka karibu wima.

Hata hivyo namwonya msomaji asiliamini mno jicho lake. Grafu ni shahidi mkweli, lakini ni shahidi anayeweza kufundishwa la kusema, maadamu mchoraji akiunyosha mhimili wa wima kichuguu huonekana jabali, na akiubana jabali huonekana tambarare; na kipande kifupi cha tao lolote, kikitazamwa kwa karibu, hufanana na mstari mnyoofu. Wako waandishi wa magazeti, na wako wanasiasa vilevile, ambao riziki yao inategemea jambo hilo. Kwa sababu hiyo mimi hupendelea kwanza kuziuliza namba zenyewe, na swali la kuziuliza ni moja: kutoka hatua hata hatua, umeongeza kiasi gani?

Tuziulize zile safu tatu. Ya kwanza itajibu: niliongeza moja, kisha moja, kisha moja. Ongezeko lake halibadiliki, na hiyo ndiyo alama ya mstari mnyoofu. Ya pili itajibu: niliongeza 1, kisha 2, kisha 3, kisha 4. Ongezeko lake lenyewe linakua, lakini linakua kwa utaratibu, kila mara kwa kiasi kile kile; ukitoa tafauti ya tafauti zake utapata moja, moja, moja, na hiyo ndiyo alama ya mraba. Na ya tatu itajibu: niliongeza 1, kisha 2, kisha 4, kisha 8. Hapo msomaji asimame kidogo, kwani jibu hilo ni safu ile ile imejirudia. Toa tafauti ya tafauti zake, na tafauti ya hizo nazo, utachoka wewe kabla haijachoka yenyewe, nayo kila mara itakurudishia 1, 2, 4, 8. Kinachoongezeka hapo hutokana na kile kilichokwisha kuwapo. Aliye na kingi huongezewa kingi, na aliye na kichache huongezewa kichache.

Mfano ulio safi wa mwendo mnyoofu uko baharini. Mtu asimamapo ufukweni hubeba juu yake uzito wa hewa yote iliyo juu ya kichwa chake, nao wataalamu huuhesabu kuwa ni angahewa moja. Mzamiaji akishuka mita kumi hivi katika maji ya chumvi, huongezewa mzigo unaokaribia angahewa moja nyingine, zikawa mbili. Akifika mita ishirini huwa tatu, na thelathini huwa nne. Kanuni yake ni fupi: ligawanye lindi kwa kumi, ujumlishe moja. Moja hiyo ni pale mstari unapoanzia kwenye mhimili wa wima, kabla ya kuzama. Na sehemu moja ya kumi kwa kila mita ni mteremko wake, yaani wepesi wa kupanda kwa mstari kadiri tuendavyo mbele. Mambo mawili hayo, mahali pa kuanzia na mteremko, ndiyo yote ambayo mstari mnyoofu unayo. Ukiyajua hayo umeujua wote.

Wengi hukosea hapa, wakadhani kuwa katika mwendo mnyoofu kimoja kikizidi maradufu cha pili nacho huzidi maradufu. Si hivyo. Aliye mita kumi amebeba angahewa mbili, na aliye mita ishirini amebeba tatu, wala si nne. Lindi limezidi maradufu, mzigo umezidi nusu tu. Maradufu kwa maradufu hutokea pale ambapo mstari umeanzia katika sifuri, na mistari mingi ya dunia hii haianzii huko. Hata saa zetu za Kiswahili ni mstari wa namna hiyo: saa moja asubuhi ni saa 7 ya kimataifa, saa mbili ni 8, saa tatu ni 9, mteremko wake ni moja na mahali pake pa kuanzia ni sita, na hakuna mtu wa pwani aliyewahi kudhani kuwa saa nne ni maradufu ya saa mbili katika hesabu ya wageni.

Sasa tuiache bahari, tushike jiwe. Galileo Galilei, Mtaliano, alikuwa amepofuka macho na amefungiwa nyumbani kwake Arcetri, karibu na Florence, kwa hukumu iliyotolewa mwaka 1633, wakati kitabu chake juu ya sayansi mbili mpya kilipopigwa chapa mjini Leiden mwaka 1638. Miongoni mwa mambo aliyoyaeleza humo ni namna alivyoupima mwendo wa kitu kinachoanguka. Jiwe likiachwa lianguke wima huenda mbio kuliko saa za zama zake zilivyoweza kufuata, basi akaupunguza mwendo huo kwa hila iliyo nzuri: akachonga mfereji katika ubao mrefu, akaulainisha, akauinamisha kidogo, akaubiringisha mpira wa shaba ndani yake, na kwa kuwa hakuwa na saa ya kuaminika, aliyaacha maji yatiririke kwa mrija mwembamba kutoka chombo kikubwa muda wote mpira ulipokuwa ukienda, kisha akayapima maji hayo kwa mizani, uzito wa maji ukawa ndio muda. Alisema kwamba jaribio hilo walilirudia mara mia kamili.

Alichokipata ni hiki. Umbali ambao mpira ulikwenda katika kipande cha kwanza cha muda ukihesabiwa kuwa ni kimoja, katika kipande cha pili kilicho sawa na hicho ulikwenda vitatu, katika cha tatu vitano, katika cha nne saba. Namba witiri, mfululizo, bila ya kuruka hata moja! Na namba witiri zina tabia ambayo watu wa hisabati wa kale waliijua: moja na tatu ni nne, pamoja na tano ni tisa, pamoja na saba ni kumi na sita, yaani jumla yake daima ni mraba. Kwa jiwe linaloanguka wima, tukiuacha upande msuguano wa hewa, hesabu ni hii: baada ya sekunde moja limeshuka mita 4.9, baada ya mbili, 19.6, baada ya tatu, 44.1, baada ya nne, 78.4. Tafauti zake ni 4.9, 14.7, 24.5 na 34.3. Tafauti ya tafauti hizo ni 9.8, na 9.8, na 9.8, nayo ndiyo namba ile ile ambayo mwanafunzi wa fizikia huikariri kuwa ni mchapuko uletwao na mvuto wa dunia, pengine bila ya kuambiwa kuwa inakaa pale pale, katika safu ya pili ya kutoa, ikimngoja aione kwa macho yake.

Yafaa nieleze hapa jambo linalowapoteza hata baadhi ya walimu. Grafu ya mwendo si njia ya kitu kinachokwenda. Mtu akirusha chungwa juu wima kisha likamrudia mkononi, njia yake ni mstari mmoja ulionyooka, juu na chini. Lakini ukichora kimo chake dhidi ya muda, utapata parabola iliyopinduka, yenye kilele katikati, kwa sababu mhimili wa mlalo ni wa wakati, wala si wa ardhi. Mpira wa miguu uliopigwa kwa mbali huchora parabola angani kwa sababu nyingine, nayo pia aliieleza Galileo: kwenda kwake mbele ni mwendo mnyoofu, kushuka kwake ni mwendo wa mraba, na hivyo viwili vikichanganyika huzaa tao lile, ambalo hewa halisi huliharibu kidogo.

Mraba huo huo uko chini ya mguu wa dereva. Masafa ambayo gari hutambaa tangu breki zishike mpaka lisimame hayafuati kasi. Yanafuata mraba wa kasi. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa huhitaji masafa mara nne ya yale lililohitaji likiwa katika kilometa 40, na katika kilometa 120 huhitaji mara tisa, barabara ikiwa ni ile ile na matairi ni yale yale. Kuna sehemu nyingine kabla ya hiyo, nayo ni ile ambayo gari huipita wakati dereva ameona hatari na mguu wake haujaikanyaga breki; sehemu hiyo hufuata kasi kwa mwendo mnyoofu. Jumla ya kusimama, basi, ni mstari mnyoofu uliobebana na mraba, na katika mwendo mdogo mstari ndio unaotawala, hata dereva akazoea kudhani kuwa ndio kanuni nzima. Akiongeza kasi, mraba hutwaa utawala bila ya kumpa habari. Laiti ningekuwa mtungaji wa mitaala, somo la parabola lingefundishwa kwa breki kabla ya kufundishwa kwa herufi.

Lakini mraba haukuzaliwa katika mwendo. Ulizaliwa katika ardhi na mirathi. Katika Baghdad ya Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 9, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu cha aljebra, sehemu yake kubwa ikihusu kugawanya urithi, na mojawapo ya maswali yake limebaki mashuhuri mpaka leo: mraba pamoja na mara kumi ya upande wake vimekuwa 39, upande ni kiasi gani? Hakulijibu kwa herufi, kwa kuwa herufi zetu hazikuwapo. Alilijibu kwa picha. Chora mraba ambao upande wake huujui. Ile mara kumi ni mstatili wenye upana wa kumi. Upasue katikati upate miwili yenye upana wa tano, ubandike mmoja kando ya mraba na mwingine chini yake. Umepata umbo linaloelekea kuwa mraba mkubwa, ila limepungukiwa na pembe moja, tano kwa tano, yaani 25. Lijaze pengo hilo. Eneo lililokuwa 39 sasa limekuwa 64, na mraba wenye eneo la 64 una upande wa 8. Ondoa ile tano uliyobandika: upande ni 3.

Tuifanye grafu kazi hiyo. Namba geu tukiiita x, kanuni huwa x² + 10x − 39, na parabola yake hukata mhimili wa mlalo mahali pawili: penye 3, alipopaona al-Khwarizmi, na penye −13, ambapo hakupataja kwani hakuna kiwanja chenye upande ulio chini ya sifuri. Chini kabisa ya tao, mahali linapogeuka, tunasoma −5 kwa mlalo na −64 kwa wima. Tano ile ni upana wa kile kipande alichokibandika. 64 ile ni eneo la mraba wake mkubwa. Na kutoka −5, hatua nane kuume hutufikisha 3, na hatua nane kushoto hutufikisha −13. Namba zote za picha ya Baghdad zimo ndani ya tao la Descartes, zaidi ya miaka mia nane baadaye, wala hapana iliyopotea njiani. Mwanafunzi anayekariri fomula ya kipeo cha pili, pamoja na kipeuo chake na alama zake za kujumlisha na kutoa, anakariri kazi hiyo hiyo ya kujaza pembe, ila hakuonyeshwa pembe.

Turudi ufukweni, na safari hii tusizame, tupande. Yule aliyebeba angahewa moja penye usawa wa bahari, akipanda Kilimanjaro mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895, atakuta mzigo wake umepungua ukawa karibu nusu. Mwenye haraka atasema: basi mita elfu sita nyingine zitaimaliza nusu iliyobaki, tufike mahali pasipokuwa na hewa. La hasha. Kimo kama hicho kikiongezwa mara ya pili huacha robo, mara ya tatu thumuni, wala haifiki sifuri abadan, ijapokuwa hupungua hata isiweze kumfaa mwanadamu. Kileleni pa Everest, mita 8,849, imebaki theluthi moja hivi.

Kwa nini maji yafuate mstari mnyoofu, na hewa, ambayo nayo hukandamiza kwa uzito wake tu, ifuate kanuni nyingine? Kwa sababu maji hayabanwi, au hubanwa kidogo kiasi cha kutohesabiwa. Mita ya chini na mita ya juu zina uzito mmoja, basi kila mita huongeza sawa na mwenzake. Hewa hubanwa. Tabaka la chini, kwa kuwa limelemewa na yote yaliyo juu yake, hushonana likawa zito. Tabaka la juu lisilolemewa hutanuka likawa jepesi. Na kwa hivyo kila hatua ya kupanda hutuondolea, si kiasi kile kile, bali sehemu ile ile ya kilichobaki. Edmond Halley, Mwingereza ambaye jina lake limebebwa na nyota yenye mkia, aliionyesha kanuni hiyo mwaka 1686. Baridi ya juu huipotosha kidogo, lakini haiigeuzi. Hiyo ni fanksheni ya kipeo katika kushuka kwake, na sifa yake katika kushuka ni ile ile ya kupanda: iulize tafauti, itakujibu kwa kukuonyesha sura yake mwenyewe.

Watu wa zamani walistaajabia zaidi kupanda kwake. Hadithi ya bingwa wa sataranji aliyemwomba mfalme punje moja kwa chumba cha kwanza cha ubao, mbili kwa cha pili, nne kwa cha tatu, inajulikana mno hata sina haja ya kuisimulia. Ibn Khallikan aliiweka katika kitabu chake cha tarehe za watu mashuhuri katika karne ya 13, na kabla yake Abu Rayhan al-Biruni alikwisha kuifanya hesabu yenyewe kwa vyumba vyote 64 akapata 18,446,744,073,709,551,615. Kinachonivutia mimi si ukubwa wa namba hiyo, bali ni jambo dogo ambalo wasimulizi hulipita: chumba cha mwisho peke yake kina punje nyingi kuliko vyumba vyote 63 vilivyotangulia vikijumlishwa, tena kinavizidi kwa punje moja tu. Vivyo hivyo chumba chochote kwa vilivyo kabla yake. Ndiyo maana kanuni hii huwadanganya hata wenye akili, kwani kila inapopiga hatua, yote yaliyopita huwa madogo kuliko hatua hiyo.

Wala si kwamba huanza kwa kushinda. Linganisha mraba wa namba na mbili iliyopandishwa kwa namba hiyo: penye 3, mraba ni 9 na mwenzake ni 8, mraba uko mbele, penye 4 wote ni 16, penye 5 mraba ni 25 na mwenzake ni 32, na kuanzia hapo mraba hauoni tena ila mgongo.

Anayetaka mfano wa mfukoni atazame deni. Mtu amekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia kumi kwa mwezi. Ikiwa riba ni juu ya mtaji wa kwanza tu, deni hupanda kwa mstari mnyoofu, shilingi 10,000 kila mwezi, na asipolipa, baada ya mwaka anadaiwa 220,000, baada ya miaka miwili 340,000. Ikiwa riba nayo inazaa riba, baada ya mwaka anadaiwa karibu 314,000, na baada ya miaka miwili karibu 985,000. Mwezi wa kwanza madeni hayo mawili yalikuwa sawasawa, 110,000 kwa 110,000, na huo ndio mwezi ambao mkopaji huutumia kufikiri. Ipo hesabu ya haraka ya kujua muda wa kuzidi maradufu: gawa 70 kwa asilimia ya ongezeko. Asilimia kumi kwa mwezi ni miezi saba.

Kwa hesabu hiyo tuitazame Tanzania, ambayo imewahesabu watu wake mara sita tangu Muungano. Sensa ya 1967 ilipata milioni 12.3, ya 1978, milioni 17.5, ya 1988, milioni 23.1, ya 2002, milioni 34.4, ya 2012, milioni 44.9, na ya 2022, milioni 61.7. Humo mna vipindi vitatu vya miaka kumi kamili. Katika kile cha 1978 hadi 1988 waliongezeka watu milioni 5.6, katika cha 2002 hadi 2012, milioni 10.5, katika cha 2012 hadi 2022, milioni 16.8. Mwenye kuzitazama tafauti hizo atadhani kuwa tabia ya nchi imebadilika, watu wamezidisha kuzaa mara tatu. Lakini agawanye badala ya kutoa: idadi ya mwisho wa kila kipindi ni mara 1.32 ya ile ya mwanzo, kisha mara 1.30, kisha mara 1.37. Uwiano haukutikisika sana, na ongezeko la mwaka limekuwa kati ya asilimia 2.7 na 3.2 muda wote. Sabini kwa tatu ni ishirini na tatu na kitu. Na kweli, kutoka 1978 hadi 2002, miaka 24, milioni 17.5 zikawa 34.4, na kutoka 1988 hadi 2012, miaka 24 pia, milioni 23.1 zikawa 44.9. Mjenzi wa madarasa anayepanga kwa tafauti ya miaka kumi iliyopita atapungukiwa madarasa kila mara, hata akiwa mwaminifu na hodari, kwa sababu amechagua mstari mahali panapotawala kipeo.

Hapana kitu cha dunia kinachofuata kipeo milele, na Pierre-François Verhulst wa Ubelgiji aliandika mwaka 1838 kanuni ya ukuaji unaoanza kwa kipeo kisha ukalegea kadiri unavyokaribia ukomo wake. Tabu ni kwamba katika sehemu yake ya mwanzo tao la Verhulst na tao la kipeo hufanana, kama safu zetu za mwanzo zilivyofanana. Lini litalegea, namba zilizopita peke yake hazisemi.

Wataalamu wanaotaka kujua kama kipeo kingali kikitawala hutumia karatasi iliyogawanywa kwa namna nyingine, ambayo ni matunda ya logi alizozitangaza John Napier wa Scotland mwaka 1614: katika mhimili wake wa wima, nafasi kutoka 1 hadi 10 ni sawa na nafasi kutoka 10 hadi 100, na kutoka 100 hadi 1,000. Juu ya karatasi hiyo mambo hugeuka. Fanksheni ya kipeo, iliyokuwa ikipinda na kuinuka, hunyooka ikawa mstari. Mstari uliokuwa mnyoofu, usiolala wala kushuka, huinama kichwa kadiri uendavyo. Na mraba huinama vilevile, ila kwa kuchelewa. Zitie humo zile nukta sita za sensa, uweke rula juu ya zile za 1978, 1988, 2002 na 2012, nazo zitakaa karibu na ukingo wake zote nne. Ya 1967 itabaki chini kidogo ya rula, na ya 2022 itakuwa imeinuka juu yake kiasi cha milioni mbili na zaidi.